Habari za Sir William Morris Carter, Jaji Mkuu wa Kwanza wa Tanganyika

Mtu atokaye Upanga asubuhi kwenda Kivukoni, akiupita mji hata akafika ukingoni mwa bandari, hulikuta jengo la Mahakama Kuu limeelekea majini. Wengi wetu tumekwenda pale, huyu kwa shauri lake, yule kumsindikiza jamaa, mwingine kusikiliza tu. Lakini ni wachache waliopata kuuliza ni nani aliyekikalia kwanza kiti cha Jaji Mkuu katika nchi hii. Jina lake ni Sir William Morris Carter. Katika vitabu vya shule hatajwi, na katika mji wa Dar es Salaam hatujui mtaa wenye jina lake. Walakini kazi aliyoifanya katika Afrika Mashariki, na kusini kwake, ingali ikikaliwa na watu mpaka leo, tena wengine hukaa juu yake bila kujua.

Hatukukusudia kumsifu wala kumlaumu kupita kiasi. Twataka kuonyesha jambo moja tuliloliona katika maisha yake, nalo ni hili: popote alipotumwa aliulizwa swali lile lile, kwamba ardhi hii ni ya nani, na kila mara majibu yake yakawa ni mpaka uliochorwa juu ya ramani. Alikuwa msikilizaji mwenye bidii. Aliketi siku nyingi akiwasikia wazee, machifu, walowezi na mabwana shauri, na maneno yao yakaandikwa kwa uangalifu. Basi ikawaje mtu asikiaye hivyo akaondoka bila kulipata lile aliloambiwa? Twaona kwamba sehemu kubwa ya jibu imo katika maneno yenyewe, na kwa hiyo imetupasa kuanza na maneno.

Kiswahili cha pwani kina maneno mengi juu ya ardhi, wala hayana maana moja. Shamba ni mahali palipolimwa au kupandwa. Konde ni palipolimwa msimu huu. Kiwanja ni mahali pa kujenga. Kiunga ni mashamba yaliyo kando ya mji. Pori ni la wote mpaka atokee wa kulikata. Neno milki tumelipata kwa Waarabu pamoja na sheria ya Kiislamu. Tena katika desturi ya pwani mti ni kitu kimoja na udongo ulio chini yake ni kitu kingine. Mgeni alikwenda kwa jumbe, akatoa ada, akaonyeshwa mahali, akapanda minazi. Minazi ikawa yake, aliweza kuirithisha wanawe, kuiweka rehani, hata kuiuza. Lakini hakusema kwamba nchi ni yake, na jumbe naye hakusema kwamba minazi ni yake. Wawili hao walikaa pale pale kwa haki mbili, wala hawakugombana, maana kila mmoja alijua mwisho wa haki yake.

Sasa mlete mtu huyo mbele ya mahakama, aulizwe kwa njia ya mkalimani, “Shamba hili ni lako?” Atajibu, “Naam, ni langu.” Karani ataandika. Lakini neno “langu” katika lugha yetu ni jepesi sana. Twasema mwalimu wangu, na mwalimu hatukumnunua. Twasema kijiji changu, na kijiji si mali yetu. Jaji aliyefundishwa sheria za Uingereza alitafuta katika neno hilo mtu mmoja mwenye milki kamili, na mipaka minne yenye vigingi. Asipoviona hivyo, alidhani kwamba hapana mwenye mali, bali yuko mkaaji tu.

Carter alisomea sheria kwao Uingereza, akaja Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, siku ambazo mahakama za Kiingereza huku zilikuwa bado changa na majaji wakihesabika kwa vidole. Alitumika Uganda miaka mingi, na mwaka 1912 akawa Jaji Mkuu wa nchi ile.

Uganda ilikuwa shule ya ajabu kwa mtu wa kujifunza habari za ardhi. Kwa Mapatano ya mwaka 1900 ardhi ya Buganda iligawanywa kwa maili za mraba: kadha kwa Kabaka, kadha kwa machifu na watu wakubwa, na nyingine kwa Serikali. Kutokana na hesabu ile Waganda wakapata neno jipya katika lugha yao, mailo, yaani ardhi iliyopimwa kwa maili na kuwa milki ya mtu. Lakini wakuu wa koo, ndio Bataka, walikuwa na makaburi ya babu zao katika mahali palipogawiwa watu wengine, na malalamiko yao yakaendelea miaka mingi baadaye. Hapo mtu angeweza kuona kwamba kipimo cha maili hakina mahali pa kuandikia kaburi.

Nje ya Buganda, yaani Bunyoro, Toro, Ankole na Busoga, mambo yalikuwa hayajakatwa. Tangu mwaka 1911 Carter aliongoza kamati ya kushauri jinsi ardhi ya huko itakavyotengwa. Shauri lake lilikuwa kwamba wenyeji wapimiwe sehemu yao, na iliyobaki iwe ya Serikali, ipate kuuzwa au kukodishwa kwa wageni walioitaka kwa kahawa na mpira. Wizara ya Makoloni kule London haikuridhika na shauri hilo. Baada ya Vita Kuu ya kwanza bei za mazao zikaanguka, wenye mashamba wengi wakafilisika, na Uganda ikabaki nchi ya mkulima mdogo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya Carter juu ya ardhi haikutimia. Walakini mtindo wake ulikwisha kuonekana: kwanza pima mahitaji ya wenyeji, kisha chora mstari, na kilicho nje ya mstari si chao tena.

Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa imebadili mabwana. Waingereza waliingia mjini Septemba 1916, Wadachi, yaani Wajerumani, wakaondoka. Tarehe 22 Julai 1920 ilitolewa Amri ya Mfalme ya kuunda serikali ya Tanganyika na Mahakama Kuu yake, na Mahakama hiyo ikaanza tarehe 3 Januari 1921. Carter aliyetoka Uganda akawa Jaji Mkuu wake wa kwanza.

Msomaji na atafakari mchanganyiko aliokuta. Amri ile ilisema kwamba sheria za Uingereza kama zilivyokuwa siku ile ya 22 Julai 1920 zitumike hapa, kwa kadiri hali ya nchi inavyoruhusu. Juu yake zikawekwa sheria kadhaa za Bara Hindi, pamoja na ile ya makosa ya jinai iliyotungwa mwaka 1860. Na hiyo ilitumika mpaka Tanganyika ilipopata yake mwaka 1930. Hati za ardhi zilikuwa za Kidachi. Mashahidi walisema Kiswahili, au Kizaramo kilichofasiriwa kwa Kiswahili, nacho kikafasiriwa kwa Kiingereza. Mtu aliyekamatwa kwa wizi Kariakoo alihukumiwa kwa sheria ya Kihindi, mbele ya Mwingereza, kwa maneno yaliyokwisha pita katika vinywa viwili kabla ya kufika sikioni mwa jaji. Ni kweli kwamba katika kesi kubwa za jinai jaji aliketi pamoja na wazee wa baraza ili wampe maoni yao. Lakini sheria haikumlazimisha kuyafuata.

Amri ile ilikuwa na fungu jingine ambalo kila mwenye kupenda habari za mila yafaa alijue. Lilisema kwamba katika mashauri ya wenyeji mahakama ziongozwe na sheria za wenyeji, maadamu hazipingani na haki na maadili. Maadili ya nani? Fungu halikusema. Jibu lilikuja mwaka 1938, Carter amekwisha kuondoka, katika kesi ya Gwao bin Kilimo na Kisunda bin Ifuti iliyotoka kwa Wanyaturu. Baba alikuwa amekamatiwa ng'ombe kwa ajili ya deni la mwanawe, na ilidaiwa kwamba ndiyo mila. Jaji Wilson akasema kwamba mahakama ya Kiingereza katika Afrika haina kipimo kingine cha haki na maadili ila kile cha Kiingereza, akamrudishia baba haki yake. Huenda baba yule alifurahi, nasi hatumwonei kijicho. Lakini tangu hapo ilijulikana wazi kwamba mila ilikuwa mgeni katika mahakama, na mwenye nyumba ni mwingine.

Tumetoka njiani kidogo. Turudi kwa Carter. Katika miaka yake ya Dar es Salaam ilitungwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923. Hatusemi kwamba ndiye aliyeiandika, maana kutunga sheria ilikuwa kazi ya Gavana, Sir Horace Byatt, na washauri wake. Lakini mahakama ya Carter ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuisimamia, na mawazo yake yalikuwa jirani na mawazo aliyoyazoea Uganda. Wadachi kwa amri yao ya mwaka 1895 walikuwa wametangaza kwamba ardhi isiyo na mwenye kuthibitisha milki yake ni ya dola. Waingereza wakasema kwa upole zaidi: ardhi yote ni ya umma, iko chini ya Gavana kwa faida ya wenyeji, na mtu atapewa haki ya kuikaa kwa muda usiozidi miaka 99. Hati za milki kamili zilizokwisha kutolewa zamani ziliachwa kama zilivyo. Wale waliokaa kwa mila waliachwa wakae.

Lazima tuseme haki: sheria hii ilikuwa kinga. Kwa ajili yake, na kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, nchi hii haikupata kumegwa na walowezi kama jirani zake wa kaskazini na kusini. Lakini kinga ile ilijengwa juu ya neno kukaa. Mwenyeji alilindwa akiwa mkaaji. Hakutambuliwa kuwa mwenye mali. Mtoro bin Mwamba alipoiomba mahakama imtambue kuwa mwenye milki kamili ya ardhi aliyoipata kwa mila, alishindwa, na rufani yake ikaishia hivyo hivyo katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1953. Miaka 30 ilikuwa imepita tangu sheria ile, na neno lilikuwa bado lafanya kazi yake.

Tukiutazama mji wenyewe twaona jambo hilo hilo kwa macho. Kariakoo ilikuwa shamba la Mdachi aliyeitwa Schoeller. Serikali ya Kidachi ililinunua mwaka 1914 ili kuwaweka Waafrika pale. Vita ikaja, na Waingereza walipoushika mji wakaweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, na kutokana na jina la kikosi hicho kwa Kiingereza watu wakapata jina Kariakoo. Katika miaka ya 1920 mji ulipangwa kwa mafungu matatu: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati penye maduka, na Uswahilini ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja ulioachwa wazi makusudi uwatenge watu. Mwenye nyumba ya Kariakoo, ile nyumba yetu ya vyumba sita na ukumbi katikati, alilipa kodi ya kiwanja mwaka kwa mwaka. Nyumba ilikuwa yake. Mahali iliposimama alikaa kwa ruhusa. Ukipenda, ndiyo ile desturi ya pwani ya mnazi na udongo, ila sasa jumbe alikuwa Serikali, na ada ililipwa kila mwaka.

Na Upanga je? Siku zile Upanga ilikuwa minazi na vijiji vyenye majumbe wao. Jina la Tambaza, lililo juu ya shule yetu ya sekondari, ni ukumbusho wa wenyeji hao. Baada ya Vita Kuu ya pili Serikali ilipima viwanja huku, minazi ikakatwa, na nyumba za mawe zikajengwa, nyingi zikiwa za Wahindi waliobanana Uhindini. Hao walipewa hati za miaka mingi, si kodi ya mwaka kama Kariakoo. Basi watu wawili, mmoja upande huu na mmoja upande ule, mwendo wa nusu saa kwa miguu, walikuwa na haki mbili tofauti juu ya udongo mmoja, na tofauti hiyo haikutokana na mila ya yeyote kati yao.

Carter aliacha kiti chake mwaka 1924, akamwachia Sir Alison Russell. (Huyu Russell ndiye aliyebishana na Gavana Cameron juu ya mahakama za wenyeji, akitaka Mahakama Kuu iendelee kuzisimamia, akashindwa, na mwaka 1929 zikawekwa chini ya mabwana shauri. Kisa chake chafaa kuandikwa peke yake.) Mtu angedhani kwamba kazi ya Carter imekwisha. Kumbe iliyo kubwa zaidi ilikuwa mbele.

Mwaka 1925 aliitwa Rodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, kuwa mwenyekiti wa Tume ya Ardhi. Sheria ya huko ilimruhusu Mwafrika kununua ardhi popote kwa masharti yale yale ya mzungu. Ruhusa hiyo ilikuwa ya maandishi zaidi kuliko ya vitendo, kwa kuwa mashamba yaliyonunuliwa na Waafrika hayakuzidi machache. Lakini hata hayo yaliwatia walowezi hofu. Tume ikauliza watu, na Waafrika wengi waliosikilizwa wakasema kwamba afadhali watengewe mahali pao pa kununua, maana waliona kwamba bila hivyo kila kitu kitakwisha. Tume ikaandika kwamba pande zote mbili zataka kutengana. Hapo tena twaona jinsi neno liwezavyo kupotea. Mtu asemaye, “Nipe hata kipande kidogo nisikose kabisa,” hakusema, “Nataka kutengwa.”

Kutokana na shauri la Tume ilitungwa Sheria ya Kugawa Ardhi ya mwaka 1930. Wazungu, waliokuwa kama 50,000, walitengewa eka zipatazo milioni 49. Waafrika, waliokuwa yapata milioni moja, waliachiwa hifadhi zao za eka milioni 21, na wakaongezewa eka milioni 7 na nusu za kununua. Na ile haki ya kununua popote ikafutwa. Historia ya Zimbabwe tangu hapo, pamoja na vita vyake, haiwezi kusimuliwa bila hesabu hiyo.

Kwa sifa aliyoipata huko, Carter aliteuliwa mwezi wa Aprili 1932 kuwa mwenyekiti wa Tume ya Ardhi ya Kenya. Wenzake walikuwa Rupert Hemsted, aliyekuwa mtumishi wa Serikali, na Kapteni Frank O'Brien Wilson, mlowezi. Karani wao alikuwa S. H. Fazan, bwana shauri aliyewajua Wakikuyu. Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Nao walihitajiwa kweli, kwa sababu huzuni ya Wakikuyu ilikuwa imejaa. Mwaka 1921 Jaji Mkuu wa Kenya, Sir Jacob Barth, alikuwa ameamua katika kesi ya Isaka Wainaina kwamba kwa sheria za ardhi za koloni wenyeji hawana milki tena, bali ni wakaaji kwa ridhaa ya Mfalme. Mtu aliyelala mwenye shamba aliamka mpangaji.

Hapa imetupasa kukaa kidogo, maana katika kazi zote za Carter hii ndiyo tunayoijua zaidi, na ndiyo inayofundisha zaidi. Wakikuyu wana neno githaka. Ni ardhi ya mbari, yaani watu wa babu mmoja aliyeikata msitu au kuinunua. Ndani ya githaka aliweza kukaa muhoi, mtu wa nje aliyeomba mahali pa kulima, akapewa kwa urafiki bila bei. Yeye alilima na kula, lakini ardhi haikuwa yake. Kwa hiyo Mkikuyu alipodai, hakudai kwa jina la Wakikuyu wote. Alidai, “Ridge hii ni ya mbari yangu, toka kijito hiki hata kile.” Wenye githaka walijulikana kwa majina, na mti wa mpaka ulijulikana nao.

Tume iliyasikia hayo yote. Jomo Kenyatta, aliyekuwa London siku zile, alitoa ushahidi wake huko, L. S. B. Leakey, aliyekulia kati ya Wakikuyu, alishuhudia pia. Na wazee wa Kiambu walikuja mmoja mmoja. Kiambu husimuliwa hata leo kisa cha Chifu Koinange wa Mbiyu. Alipotaka kuthibitisha kwamba shamba lililokuwa mikononi mwa mzungu lilikuwa la jamaa yake, alifukua kaburi la babu yake, akaonyesha mifupa. Asiyejua mila hawezi kupima uzito wa tendo hilo. Wakikuyu wa zamani hawakuzika kila mtu. Aliyezikwa ni mzee mkubwa mwenye mali, tena alizikwa katika ardhi yake. Kugusa mifupa ya mfu lilikuwa jambo la kutisha. Mzee aliyevunja mwiko huo mbele ya wageni alikuwa ametoa hati yake ya mwisho, na hakuwa na nyingine.

Taarifa ya Tume ilitoka mwaka 1934, nayo ni kubwa, pamoja na vitabu vya ushahidi. Tume ilikubali kwamba Wakikuyu walinyang'anywa ardhi, ikahesabu zaidi kidogo ya maili za mraba 100. Ni jambo la heshima kwa Carter kwamba alikiri, maana wengi walikuwa wakikana. Lakini kisha akafanya alivyozoea. Madai ya kila mbari yakachanganywa pamoja yakawa dai moja la kabila. Fidia ikatolewa kwa kabila, katika ardhi ya mahali pengine. Na haki zote nyingine za wenyeji nje ya hifadhi zikapendekezwa kufutwa kabisa, ili jambo lisirudi tena. Nyanda za juu, maili za mraba kama 16,700, zikawekwa mpaka wake kwa ajili ya wazungu, na mwaka 1939 mpaka huo ukathibitishwa kwa amri kutoka London.

Mwenye githaka la Kiambu akaambiwa, “Kabila lako limelipwa.” Lakini yeye hakuibiwa na kabila, wala hakuwa ameikata ile ardhi pamoja na kabila. Aliyepata nyongeza kule mbali alikuwa mwingine, na aliyepoteza hapa akabaki na kaburi lililofukuliwa. Sisi twaona kwamba Tume haikukosa masikio. Ilikosa mahali pa kuweka neno githaka. Katika sheria yao palikuwa na milki ya mtu mmoja, na palikuwa na hifadhi ya kabila. Kati ya hayo mawili hapakuwa na kitu. Wale walioapa katika vita vya Mau Mau miaka kumi na minane baada ya taarifa ile, wengi walikuwa wana wa watu waliorudishwa hivyo. Nayo Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya miaka 1953 hadi 1955 ikashauri kwamba mipaka ya makabila na ya rangi katika ardhi iondolewe, yaani ile ile ambayo Carter aliiimarisha.

Mwaka 1936 alitumwa mara nyingine, akiwa mmoja wa wajumbe sita wa Tume ya Kifalme ya Palestina chini ya Lord Peel. Taarifa yao ya Julai 1937 ilishauri nchi ile igawanywe, sehemu kwa Wayahudi na sehemu kwa Waarabu. Si haki kulitwika wazo hilo juu ya kichwa cha Carter, kwa kuwa husemwa kwamba Profesa Coupland ndiye aliyelisukuma zaidi. Hata hivyo mzee huyu alikuwa amefika mahali ambapo mwenendo wa maisha yake ulimpeleka: ramani mezani, mashahidi wamekwisha kusema, na kalamu mkononi.

Twarudi nyumbani. Hati za Upanga zilizotoka baada ya vita zilipita katika misukosuko yake. Mwaka 1963 milki kamili zote za zamani ziligeuzwa kuwa haki ya kukaa kwa muda. Mwezi wa Aprili 1971 ikaja Sheria ya Kutwaa Majengo. Nyumba za kupangisha zenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi zikaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba, na nyingi zilikuwa huku Upanga. Wenyewe wengi walihama nchi. Waafrika waliokuwa wakipita njia ya Upanga kwa shughuli tu wakapata kukaa ghorofani. Nayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeacha msingi ule wa 1923 pale pale: ardhi ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na raia ana haki ya kukaa.

Lakini katika Kiswahili pametokea jambo ambalo, kwa sisi walimu wa lugha, ni la kustaajabisha. Waraka uliotungwa kwa Kiingereza kwa neno la kukaa, sisi twauita hati miliki. Hakuna mtaani asemaye vingine. Lugha yetu imemrudishia mwananchi, kwa jina tu, kile ambacho mahakama za Carter na waliomfuata hazikumpa.

Jirani yetu mmoja, mama mjane ambaye mumewe alipata nyumba hapa Upanga, alituita jioni moja tumsomee karatasi yake, kwa kuwa muda wa miaka ulioandikwa ulikuwa umekaribia kwisha naye alihofu. Tulimsomea mstari kwa mstari. Tulipofika kwenye neno lile la Kiingereza alituuliza maana yake, tukamwambia ni kukaa. Alinyamaza kitambo. “Kumbe miaka yote hii nilikuwa nimekaa tu,” akasema. Kisha akaikunja hati, akairudisha ndani ya bahasha yake ya plastiki, na kesho yake asubuhi tukafuatana kwenda ofisi ya ardhi kuomba muda mwingine.